Ini linapoulinda moyo: matokeo ya miaka 40 ya kupandikiza viungo viwili kwa mgonjwa mmoja

Februari 14, 1984, katika Hospitali ya Watoto ya Pittsburgh nchini Marekani, msichana wa miaka sita aliingizwa chumba cha upasuaji ili apandikizwe moyo na ini kwa wakati mmoja. Mtoto huyo, Stormie Jones wa jimbo la Texas, alikuwa amerithi kasoro ileile ya vinasaba kwa baba na kwa mama. Ini lake halikuweza kuiondoa kolesteroli kwenye damu. Kipimo chake kilizidi miligramu 1,000 kwa desilita, wakati madaktari hupenda kwa mtu mwenye afya kisipite 200. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba kwa mafuta kama ya mzee. Alikuwa ameshapata mshtuko wa moyo na kupasuliwa kifua katika umri ambao watoto wenzake wanajifunza kusoma.

Daktari Thomas Starzl, aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963 mjini Denver, alikuwa na hesabu mbili mbele yake. Kama mtoto angepewa moyo mpya peke yake, kolesteroli ileile ingeuziba tena. Kama angepewa ini peke yake, moyo wake mbovu usingestahimili upasuaji wenyewe. Basi wenzake waliobobea katika moyo wakaweka moyo, naye na timu yake wakaweka ini, vyote kutoka kwa mtoaji mmoja aliyefariki.

Kolesteroli ya Stormie ilishuka hadi chini ya 300. Akarudi nyumbani, akaenda shule, akakua. Mwaka 1990, baada ya homa ya ini kuliharibu ini lile, alipandikizwa jingine. Novemba mwaka huohuo alifariki dunia akiwa na miaka 13, moyo wake ukiwa umeonyesha dalili za kukataliwa na mwili. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka sita na nusu tangu siku ile ya Februari.

Kwa sayansi, mwili wa mtoto huyu ulithibitisha jambo kubwa. Michael Brown na Joseph Goldstein, watafiti wa Dallas, walikuwa wamegundua kwamba seli zina vipokezi vinavyokamata kolesteroli na kuitoa kwenye damu, na kwamba wagonjwa wa aina ya Stormie hawana vipokezi vinavyofanya kazi. Ini jipya lilipoleta vipokezi vipya, kolesteroli ikaporomoka. Mwaka 1985 watafiti hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao ya miaka mingi juu ya kolesteroli.

Tangu wakati huo, upasuaji huu umetoka katika kundi la majaribio ya kukata tamaa na kuingia katika tiba inayotambulika. Bado ni wa nadra: Marekani, ambako hufanywa zaidi, ni makumi machache tu kwa mwaka. Lakini matokeo yake yamewashangaza hata waliouanzisha. Mtu angetarajia kwamba mgonjwa aliyebeba viungo viwili vya kigeni angekuwa na hatari maradufu. Haikuwa hivyo.

Kwa nini viungo viwili vife pamoja

Moyo na ini ni majirani wa damu. Damu yote inayotoka kwenye ini humwagika katika mshipa mkuu wa chini, na baada ya sentimita chache tu imeshafika moyoni. Kwa sababu ya ukaribu huo, ugonjwa wa kimoja hauchelewi kukifikia kingine. Wagonjwa wanaohitaji vyote viwili wanatokana hasa na makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la wale ambao ini ndilo linaloharibu moyo. Mbali na kolesteroli ya kurithi, upo ugonjwa wa amiloidosisi wa kurithi. Ini hutengeneza protini iitwayo transithairetini, inayosafirisha homoni ya tezi ya shingo na kusaidia kubeba vitamini A. Kwa waliorithi kasoro, protini hiyo husambaratika, ikaganda na kujirundika katika neva na katika misuli ya moyo, mpaka moyo unakuwa mgumu na kushindwa kutanuka. Daktari Mreno Corino de Andrade alieleza ugonjwa huu mwaka 1952 baada ya kuuona kwa watu wa Póvoa de Varzim, mji wa wavuvi kaskazini mwa Ureno. Aina nyingine, inayoshambulia moyo zaidi, inajulikana sana katika familia za Donegal huko Ireland na vizazi vyao waliohamia Marekani.

Katika ugonjwa huu kuna jambo la pekee. Ini linalotolewa kwa mgonjwa ni zima kwa kila namna, isipokuwa protini hiyo moja. Kwa kuwa madhara yake huchukua miaka mingi kujitokeza, ini hilo linaweza kupewa mgonjwa mwingine, mara nyingi mtu mzima ambaye bila hilo angekufa karibuni. Wareno walifanya hivyo kwa mara ya kwanza mjini Coimbra mwaka 1995. Kwa hiyo mgonjwa anayepokea moyo na ini anaweza, siku hiyohiyo, kuwa naye mtoaji.

Kundi la pili ni la wale ambao moyo ndio unaoharibu ini, na hilo sasa ndilo linalokua. Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa na chemba moja tu ya moyo inayoweza kusukuma damu, badala ya mbili. Zamani wengi wao walikufa utotoni. Mwaka 1968, mjini Bordeaux, Ufaransa, daktari Francis Fontan alifanya upasuaji uliobadili hatima yao, na mwaka 1971 akautangaza kwa madaktari wenzake. Katika upasuaji unaobeba jina lake, damu inayorudi kutoka mwilini huelekezwa moja kwa moja kwenye mapafu bila kupita katika pampu yoyote, na chemba ile moja iliyo nzima inaachiwa kazi ya kusukuma damu kwenda mwilini.

Watoto hao wamekua. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 2018 walikuwepo kati ya 50,000 na 70,000 duniani, wengi wao wakiwa vijana na watu wazima wanaosoma, wanaofanya kazi na wenye familia. Lakini maisha hayo yana gharama. Damu isiyosukumwa haiwezi kufika kwenye mapafu mpaka shinikizo ndani ya mishipa ya kurudi moyoni liwe juu, na ini linaishi ndani ya shinikizo hilo kila saa tangu mtoto ana miaka miwili au mitatu. Taratibu linaota makovu. Kwa baadhi linasinyaa kabisa, na kwa wachache huota saratani. Moyo unapochoka, daktari anakuta ini nalo limechakaa, na anajua kwamba ini la namna hiyo huenda lisivuke salama upasuaji mkubwa wa moyo.

Mbio dhidi ya saa

Ugumu wa upasuaji huu unaanzia kwenye muda. Moyo uliotolewa na kuhifadhiwa kwenye barafu kwa kawaida unatakiwa uwe umepandikizwa ndani ya saa nne hivi. Ini hustahimili zaidi, saa nane na hata zaidi ya hapo. Ndiyo maana kwa kawaida moyo hutangulia. Timu ya kwanza hufungua kifua, humweka mgonjwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, hutoa moyo wa zamani na kushona mpya. Kisha timu ya pili huingia tumboni.

Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni damu. Ili mashine ifanye kazi, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, lakini huyohuyo ana ini bovu, na ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyogandisha damu. Kuzuia asivuje hadi kufa ni kazi ya kila dakika. Wa pili ni pale ini jipya linapofunguliwa damu. Damu ya baridi iliyojaa potasiamu na asidi hutoka humo na kuuvamia moyo ambao umepigapiga kwa saa chache tu ndani ya mwili mpya. Moyo unaweza kusimama. Kwa hofu hiyo, baadhi ya vituo huendelea kumweka mgonjwa kwenye mashine mpaka ini nalo liwe limeanza kazi. Vingine huvitoa viungo vyote viwili kwa mtoaji vikiwa vimeungana na mshipa wake mkuu, na kuvipandikiza kwa pamoja, jambo linalopunguza idadi ya mishono.

Siku hizi zipo pia mashine zinazopitisha damu yenye joto ndani ya kiungo kikiwa nje ya mwili, kikaendelea kuishi badala ya kulala kwenye barafu. Mashine hizo zinawapa madaktari muda wa kumtuliza mgonjwa baada ya moyo kabla ya kulishughulikia ini.

Takwimu zinasema nini

Ripoti moja iliyokusanya wagonjwa wa Marekani kati ya mwaka 1987 na 2010 ilikuta watu 97 waliopandikizwa moyo na ini kwa pamoja. Amiloidosisi ndiyo iliyoongoza kwa sababu, ikichukua zaidi ya robo yao. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, asilimia 83.5 ya mioyo iliyopandikizwa ilikuwa ingali ikifanya kazi. Baada ya miaka mitano ilikuwa asilimia 73.2, na baada ya kumi asilimia 71.5. Maini yalikwenda sambamba: asilimia 83.4, kisha 72.8, kisha 71.0.

Takwimu hizi zisomwe polepole. Hasara kubwa iko mwaka wa kwanza, pale kuvuja damu, maambukizi na kushindwa kwa figo vinapowachukua wengine. Baada ya hapo mteremko unapungua, na kati ya mwaka wa tano na wa kumi karibu hauonekani. Ni kweli kwamba si wote waliokuwa wameshafikisha miaka kumi ripoti ilipoandikwa, na kwa idadi ndogo kama hiyo mgonjwa mmoja anabadilisha hesabu. Hata hivyo mwelekeo wake umeonekana pia katika ripoti zilizofuata: wanaopandikizwa moyo na ini huishi kwa kiwango kinachokaribiana na cha wanaopandikizwa moyo peke yake, ambao kwa watu wazima nusu yao huishi zaidi ya miaka 12.

Sehemu ya mafanikio hayo inatokana na uteuzi. Madaktari hawamchukui kila aliye taabani. Wanamchukua yule wanayeamini atavuka, na kazi yenyewe hufanywa katika vituo vichache vyenye uzoefu. Anayesoma takwimu hizi bila kukumbuka hilo atadhani upasuaji ni mwepesi. Si mwepesi. Lakini uteuzi peke yake hauelezi kila kitu.

Siri ya ini

Mwaka 1969, daktari Roy Calne wa Cambridge nchini Uingereza alitangaza jambo ambalo wengi hawakulielewa. Nguruwe aliowapandikiza maini mara nyingi waliyapokea bila dawa za kudhoofisha kinga. Na nguruwe aliyekubali ini la mtoaji fulani aliweza kukubali pia ngozi au figo ya mtoaji huyohuyo. Ini lilikuwa limewafunza wapokeaji kuvumilia.

Kwa binadamu mambo hayaendi kirahisi hivyo, lakini ulinzi upo. Watafiti wa Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, wamelinganisha wagonjwa wao waliopata moyo peke yake na waliopata moyo pamoja na ini. Waliopata vyote viwili walishambuliwa na seli za kinga kwa kiwango cha chini zaidi, na ugonjwa wa mishipa ya moyo uliopandikizwa ulikwenda polepole zaidi kwao. Ugonjwa huo wa mishipa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo miaka mingi baada ya kupandikizwa moyo, hivyo kuupunguza ni kuongeza miaka ya kuishi.

Sababu hazijaisha kuchunguzwa, ila baadhi zinaonekana wazi. Ini limejaa seli zinazomeza takataka za damu, na seli hizo humeza pia kingamwili zilizokuja kuushambulia moyo. Ini humwaga katika damu vipande vya utambulisho wa mtoaji, ambavyo hunasa kingamwili kabla hazijafika kwenye kiungo. Zaidi ya hayo, ni kiungo kikubwa kinachoweza kujijenga upya, kwa hiyo hustahimili mashambulizi ambayo moyo usingestahimili.

Maarifa haya yamezaa mbinu ya kijasiri. Wapo wagonjwa ambao damu yao, kwa sababu ya ujauzito, kuongezewa damu au upasuaji wa utotoni, imejaa kingamwili dhidi ya karibu kila mtoaji. Kwa kawaida hawa hukaa kwenye orodha mpaka wanakufa. Madaktari wa Mayo Clinic waligeuza utaratibu: ini likatangulia, likanyonya kingamwili zile kwa saa kadhaa, kisha moyo ukafuata. Wagonjwa ambao wasingeweza kupewa moyo ule wakaupokea.

Kinachosisitizwa ni kwamba ini lazima liwe la mtoaji yuleyule wa moyo. Hapa mtu anakumbuka kwamba ini la pili la Stormie Jones lilitoka kwa mtoaji mwingine, na kwamba kukataliwa kwa moyo wake kulikuja miezi michache baadaye. Kisa kimoja hakithibitishi kitu, lakini kinaeleza kwa nini watafiti waliendelea kuuliza. Na ulinzi wa ini si kinga kamili. Wagonjwa hawa hutumia dawa za kudhoofisha kinga maisha yao yote, pamoja na madhara yake: maambukizi, saratani na kuchoka kwa figo.

Viungo viwili, mgonjwa mmoja

Mwaka 2023 Marekani ilipandikiza mioyo zaidi ya 4,500 na maini zaidi ya 10,000, na bado watu hufa wakisubiri. Anayepangiwa moyo na pia anahitaji ini kwa kawaida hupewa ini la mtoaji huyohuyo, hata kama kuna mgonjwa wa ini peke yake aliye hoi zaidi. Kwa hiyo kila upasuaji wa aina hii una mtu wa tatu asiyeonekana, ambaye ini lile lingeweza kuwa lake.

Hii ndiyo sababu matokeo mazuri hayatoshi kuwa hoja. Swali sahihi ni kama mgonjwa huyu angekufa au kudhoofika akipewa moyo tu. Kwa mwenye kolesteroli ya kurithi au ini lililosinyaa kabisa, jibu ni rahisi. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, jibu ni gumu, kwa sababu karibu wote wana makovu kwenye ini, na baadhi yao wamepata moyo peke yake wakaishi vizuri. Madaktari bado wanabishana mpaka wapi makovu yavumiliwe. Msimamo wa makala haya ni kwamba ini lisitolewe kama nyongeza ya kuupa moyo ulinzi tu. Litolewe pale ini la mgonjwa mwenyewe haliwezi kumvusha.

Upande wa amiloidosisi, dawa zimeanza kuchukua nafasi ya kisu. Tangu mwaka 2018 na 2019 Marekani imeruhusu dawa zinazoliamuru ini lipunguze kutengeneza protini ile, na nyingine zinazoizuia isisambaratike. Ni ghali mno, lakini zinaonyesha kwamba tiba bora ya viungo viwili ni ile inayokata ugonjwa kabla haujavifikia vyote viwili.

Somo kwa Afrika Mashariki

Huku kwetu moyo na ini vimekuwa vikifa pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1948, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Jack Davies alieleza ugonjwa wa makovu ndani ya moyo aliouona kwa wagonjwa wa Uganda. Unaposhika upande wa kulia, damu hurudi nyuma, ini huvimba na tumbo hujaa maji. Mpaka leo ugonjwa huo unawapata watu katika nchi za joto. Homa ya rumatiki nayo, inayoanza na mafindofindo yasiyotibiwa ya mtoto, huharibu vali za moyo, na mwisho wake kwa wengi ni uleule: miguu iliyovimba, ini lililojaa, tumbo la maji. Mara nyingi mgonjwa wa hali hiyo hutibiwa tumbo, au hupelekwa kwa mganga, huku moyo wake ukizidi kuchoka.

Upandikizaji umeshaanza kwa figo: Muhimbili mwaka 2017, Mulago mwaka 2023, na Kenya kabla ya hapo. Lakini figo inaweza kutolewa na ndugu aliye hai. Moyo hutoka kwa aliyefariki tu, na kuupata kunahitaji sheria ya kifo cha ubongo, maabara za kulinganisha kinga, usafiri wa saa chache na jamii iliyokubali kutoa viungo vya marehemu wao. Moyo na ini kwa pamoja ni safari ndefu zaidi.

Hatuna sababu ya kusubiri safari hiyo ifike. Mtoto mwenye mafindofindo apelekwe hospitali, na akishagunduliwa kuwa na homa ya rumatiki asikose sindano zake za penisilini za kila mwezi. Mtoto mchanga apate chanjo zake zote, kwa kuwa chanjo ya homa ya ini aina ya B imo miongoni mwa hizo. Na mtu mzima anayevimba miguu na tumbo asipimwe ini tu. Daktari aombwe apime na moyo, kwa maana ugonjwa ukikamatwa mapema, mgonjwa anaweza kuponywa na viungo vyake mwenyewe.